Kampuni iliyokufa ikawa tajiri: jinsi wadai wa Mt. Gox walivyoizima amri ya ufilisi

Leo naweka misimbo kando kidogo niwapeleke mahakamani. Msikimbie! Kesi yenyewe ni ya tarakilishi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nimeirudia mara nyingi kwa sababu inahusu kitu ambacho sisi watengenezaji wa programu tunadhani tunakielewa: wakati. Mahakama nayo ina saa yake. Saa hiyo ikisimamishwa siku fulani, kila kitu unachodai kinasimama hapo, hata kama dunia nje inaendelea kukimbia.

Kwa kawaida, korti ikiamuru kampuni ifilisiwe, anayelalamika ni mwenye kampuni. Yeye ndiye hukimbilia kwa wakili na kusema hatujafa bado, tupeni miezi sita. Wadai, yaani watu wanaoidai kampuni pesa, huwa upande wa pili wa chumba wakisubiri viti na meza viuzwe wapate chao. Katika hadithi hii mambo ni kinyume. Waliosimama kuipinga amri ya ufilisi ni wadai wenyewe, na walisimama wakati ambapo mfilisi alikuwa na uwezo wa kuwalipa kila senti aliyotambua kwamba wanadai. Ndiyo, umesoma sawasawa. Waliambiwa mtalipwa asilimia mia, wakasema hapana asante.

Tuanze na kampuni yenyewe.

Jina Mt. Gox lilianza kama kifupisho tu. Jed McCaleb, yule yule aliyetengeneza eDonkey, programu ya kushirikiana mafaili, alisajili anwani ya mtgox.com mwaka 2007 akikusudia kuweka soko la kadi za mchezo wa Magic: The Gathering Online. Soko la kadi halikufika mbali. Julai 2010 akaitumia anwani ile ile kufungua mahali pa kununua na kuuza Bitcoin. Miezi michache baadaye aliona kazi imemzidi, na Machi 2011 akamuuzia Mark Karpelès, Mfaransa mtengenezaji wa programu aliyekuwa akiishi Tokyo. McCaleb alibaki na asilimia 12 ya hisa. Asilimia 88 zilikuwa za Tibanne, kampuni ya Karpelès. Iwekeni kichwani hiyo 88, tutaihitaji.

Kufikia 2013 sehemu kubwa ya biashara yote ya Bitcoin duniani ilipitia hapo, Tokyo, kwenye seva za kampuni ndogo yenye wafanyakazi wachache. Baada ya kuanguka, gazeti la WIRED liliripoti kwamba hapo hapakuwa na mfumo wowote wa kutunza matoleo ya msimbo. Yaani hakuna hata CVS! Watengenezaji wawili wakigusa faili moja, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Mimi ningeogopa kuendesha duka la mandazi kwa mtindo huo.

Tarehe 7 Februari 2014 kampuni ilisimamisha utoaji wa Bitcoin. Maelezo yao yalikuwa kwamba kuna kasoro katika Bitcoin yenyewe inayomwezesha mtu kubadilisha kitambulisho cha muamala na kudai hakulipwa. Kasoro hiyo ilikuwepo kweli, lakini watafiti wawili wa ETH Zurich walichunguza mtandao mwaka huo huo wakaonyesha kwamba haingeweza kueleza hasara kubwa namna ile. Wachunguzi waliofuata nyayo za sarafu baadaye walikuta kwamba wizi ulianza 2011 na ukaendelea taratibu kwa miaka, huku hesabu za ndani zikionyesha kila kitu kiko sawa. Jamaa mmoja alipanda ndege kutoka London akasimama nje ya ofisi zao na bango akiuliza pesa zetu ziko wapi. Wiki ya mwisho ya Februari tovuti ikazimika.

Tarehe 28 Februari 2014 Karpelès alikwenda katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo. Akainama mbele ya kamera, akaomba radhi. Alisema zimepotea bitcoin 850,000: 750,000 za wateja na 100,000 za kampuni. Halafu Machi ikatangazwa kwamba katika pochi moja ya zamani, ya muundo ambao hawakuutumia tena, zimepatikana karibu 200,000. Fikiria mtu anapoteza ng'ombe 850 kisha anakumbuka kuna 200 kwenye boma la zamani la babu. Hizo 200,000 ndizo chanzo cha ugomvi wote unaofuata.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sheria inapoingia. Alichoomba Karpelès siku ile haukuwa ufilisi. Aliomba utaratibu unaoitwa kwa Kijapani minji saisei, ambao nitauita ufufuo. Ni sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000, na kazi yake ni kuipa kampuni yenye madeni nafasi ya kupumua, kuandika mpango, wadai waupigie kura, biashara iendelee. Tarehe 16 Aprili 2014 mahakama ilikataa ombi hilo. Hakukuwa na biashara ya kufufua. Tarehe 24 Aprili ikaamuru ufilisi uanze, na wakili Nobuaki Kobayashi, ambaye tayari alikuwa amewekwa kusimamia mali, akawa mfilisi.

Amri ya ufilisi hufanya kitu gani hasa? Wengi wetu tunafikiri inafunga mlango na kuuza viti. Inafanya zaidi ya hapo, na kwa mfano wa Nairobi itaeleweka haraka.

Tuseme umepeleka laptopu yako kwa fundi pale Luthuli Avenue, na kabla hajaimaliza anafilisika. Laptopu ni yako. Unaingia, unaonyesha risiti, unachukua kitu chako, unaenda. Lakini tuseme badala yake ulimpa fundi shilingi 20,000 akuletee laptopu mpya, na hakuileta. Sasa huna kitu pale dukani. Una deni tu. Unapanga foleni pamoja na mwenye nyumba, kampuni ya umeme na msichana wa kupokea simu ambaye hajalipwa mshahara, na mkigawana kilichobaki pengine utapata 1,500.

Kwa hiyo swali kubwa kwa mteja wa Mt. Gox lilikuwa: bitcoin zangu ni laptopu iliyo kwa fundi, au ni pesa nilizompa fundi? Mteja mmoja alikwenda mahakamani Tokyo kudai arudishiwe zake kama mali yake. Tarehe 5 Agosti 2015 akashindwa. Sheria ya Japani inasema umiliki ni wa vitu vinavyoshikika, na Bitcoin haishikiki. Haina umiliki wa aina hiyo, basi hakuna cha kurudishiwa. Kila mteja akawa mdai katika foleni.

(Kwa walio nyumbani wanaojiuliza: salio la M-Pesa limepangwa tofauti. Pesa za wateja hukaa benki chini ya amana, mbali na mali ya Safaricom yenyewe, ili kampuni ikianguka wadai wake wasizifikie. Si teknolojia inayokulinda hapo. Ni karatasi ya amana.)

Ukishakuwa mdai, sheria ya ufilisi inakufanyia jambo la pili. Inageuza kila kitu unachodai kuwa pesa ya nchi, kwa thamani ya siku amri ilipotolewa. Ulikuwa unadai magunia ya mahindi? Yanapigwa bei. Unadai dola? Zinageuzwa yeni. Unadai Bitcoin? Zikapigwa bei ya yeni 50,058.12 kila moja, takriban dola 483 wakati huo. Kwa lugha yetu sisi, kigeu kiligeuzwa kuwa thabiti. Andika kwenye msimbo, bei ni 50,058.12, na hakuna mstari wowote baadaye unaoruhusiwa kuibadilisha.

Nataka kuwa muungwana hapa, kwa sababu nimeona watu wengi mtandaoni wakiitukana sheria hii. Haikutungwa na wapumbavu. Huwezi kugawa mali kati ya watu wanaodai mahindi, dola na mishahara bila kipimo kimoja, na huwezi kuwa na kipimo kimoja bila kuchagua siku moja. Aprili 2014 wala hakukuwa na aliyelalamika kwa nguvu. Bei ya Bitcoin ilikuwa inashuka, na mwaka 2015 ilifika chini zaidi. Aliyepewa yeni 50,058 kwa bitcoin moja kwenye karatasi aliona amependelewa. Sheria ya Japani inaruhusu rufaa ya haraka dhidi ya amri ya ufilisi, na muda wake ni wiki mbili tangu tangazo rasmi. Wiki mbili zikapita. Nani angekata rufaa ili arudishiwe kitu kinachoporomoka?

Mfilisi akafanya kazi yake, polepole. Mei 2016 alitangaza kwamba ametambua madai ya watu 24,750, ambayo hesabu yake ilikuja kuwa takriban yeni bilioni 45.6. Mkononi alikuwa na bitcoin 202,185 na pesa taslimu kidogo.

Chukua kikokotoo. Gawanya bilioni 45.6 kwa 202,185. Unapata takriban yeni 225,500. Maana yake, bei ya bitcoin moja sokoni ikivuka kiwango hicho, kampuni iliyokufa inaweza kulipa madeni yake yote na kubaki na chenji. Katikati ya mwaka 2017 bei ilikivuka. Desemba 2017 ilikaribia dola 20,000, zaidi ya yeni milioni mbili. Mali ya mfilisi ikawa na thamani ya karibu mara tisa ya madeni. Kampuni mufilisi, isiyo na ofisi wala wafanyakazi, ikawa miongoni mwa walio na Bitcoin nyingi zaidi duniani.

Na chenji inakwenda kwa nani? Katika sheria za ufilisi karibu kila mahali jibu ni moja, pamoja na hapa kwetu: wadai wakishalipwa, kinachobaki ni cha wenye hisa. Sasa rudisheni ile 88 niliyowaambia muiweke kichwani. Mteja aliyekuwa na bitcoin 10 angepewa takriban yeni 500,581 na kuambiwa umelipwa kikamilifu, nenda salama. Mabilioni yaliyobaki, yatokanayo na sarafu hizo hizo, yangeelekea kwa Tibanne ya Karpelès, mtu ambaye wakati huo alikuwa mshtakiwa katika kesi ya jinai Tokyo. Kwa haki yake niseme kwamba Aprili 2018 alijitokeza kwenye Reddit akaandika kwamba hataki pesa hizo. Lakini kutotaka kwake hakukubadilisha sheria, na Tibanne yenyewe ilikuwa imefilisika, ina wadai wake ambao pengine walizitaka sana.

Mimi hapa ndipo nilipoanza kuipenda kesi hii. Hakuna aliyevunja sheria katika hatua hii ya hadithi. Mfilisi alifuata kitabu. Mahakama ilifuata kitabu. Kila kipengele, ukikisoma peke yake, kina akili. Ukiviendesha vyote pamoja juu ya data ambayo mtungaji hakuitarajia, matokeo ni kichekesho. Kila mmoja wetu ameandika programu ya namna hiyo.

Wadai wangefanya nini? Mlango wa rufaa ulikuwa umefungwa tangu 2014, na hata ungekuwa wazi wangesema nini? Amri ilikuwa sahihi siku ilipotolewa. Mawakili wao wakaja na njia nyingine, na kwa maoni yangu ni ya kijanja kuliko rufaa. Novemba 2017 baadhi ya wadai waliomba mahakama ile ile ianzishe utaratibu ule ule ambao Karpelès aliuomba akanyimwa: ufufuo. Sheria ya ufufuo inasema kwamba ukianzishwa, ufilisi unaoendelea unasimama. Na katika ufufuo madai yasiyo ya pesa hayalazimiki kugeuzwa pesa. Anayedai Bitcoin anaweza kuendelea kudai Bitcoin.

Tazama ujanja wenyewe. Hakuna aliyetaka kufufua Mt. Gox. Hakuna mtu angefungua akaunti pale tena! Walitumia dawa ya kumfufua mgonjwa ili kumtoa maiti katika daftari moja na kumwandika katika daftari lingine, ambalo saa yake bado inatembea.

Haikuwa rahisi. Sheria hiyo hiyo ina kizuizi: kama ufilisi umeshaanza, na kubaki katika ufilisi ndiko kunakowafaa wadai kwa ujumla, ombi la ufufuo linatupwa. Kwa hiyo ilibidi ionyeshwe kwamba wadai kwa jumla, si wale wenye Bitcoin nyingi tu, wangefaidika. Kulikuwa na wadai waliodai pesa taslimu, dola na yeni walizokuwa wamezilaza kwenye akaunti zao pale. Hao hawakuwa na sababu ya kuhatarisha malipo kamili yaliyokuwa tayari mezani. Mahakama iliweka mchunguzi apime jambo hilo na kutoa maoni yake.

Huku hayo yakiendelea, mfilisi hakukaa akingoja. Machi 2018 wadai waligundua kwamba tangu Desemba 2017 alikuwa ameuza bitcoin 35,841 pamoja na Bitcoin Cash 34,008, akapata karibu yeni bilioni 43, kwa idhini ya mahakama. Bei nayo ilikuwa imeshuka sana katika miezi hiyo. Mtandaoni watu walimpa jina la Nyangumi wa Tokyo na kumlaumu kwa kuliangusha soko. Yeye alijibu kwamba aliuza kwa njia ya kuepuka kuathiri soko, na kwamba kuhusisha mauzo yake na anguko la bei ni kosa. Ukimtazama kwa jicho la sheria, alikuwa na deni la bilioni 45.6 kwa yeni, akatafuta yeni. Mfilisi anayecheza kamari na mali ya wadai ndiye wa kushtakiwa, si anayeuza. Lakini wadai waliokuwa wakiomba korti isimamishe ufilisi walikuwa wakitazama mali yenyewe ikiyeyuka kabla hawajasikizwa. Hadi kufikia uamuzi zilikuwa zimeuzwa nyingine 24,658.

Uamuzi ulitoka tarehe 22 Juni 2018. Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamuru ufufuo uanze, na ufilisi ukasimama siku hiyo. Kobayashi, yule yule, akawekwa kuwa msimamizi wa utaratibu mpya. Mabaki yalikuwa bitcoin 141,686 hivi, Bitcoin Cash karibu kiasi hicho, na yeni karibu bilioni 70.

Kwa anayezoea hifadhidata, hii inafanana na kurudisha data katika hali ya zamani, ila si kikamilifu. Sarafu 60,499 zilizouzwa hazikurudi. Zile za mwanzo ziliuzwa kwa wastani wa takriban yeni milioni moja kila moja, na hilo limekwisha, halina kitufe cha kutengua. Kwa upande mwingine ufufuo ulifungua usajili wa madai upya. Waliokosa kudai mara ya kwanza, kwa kutojua au kwa kukata tamaa, walipata nafasi ya pili, na baadhi ya ambao hawakujaza chochote waliingizwa na msimamizi mwenyewe kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu zao.

Bei ya Bitcoin ilihitajika bado, kwa ajili ya kupima uzito wa kura na kulinganisha wenye Bitcoin na wenye pesa taslimu. Safari hii ilichukuliwa ya Juni 2018, takriban yeni 749,000. Linganisha na 50,058. Kampuni moja, mahakama moja, mteja yule yule, na deni lake limekua karibu mara 15 kwa kubadilisha daftari. Wenye pesa taslimu, ambao katika ufilisi wangelipwa chote, walipewa kinga katika mpango ili wasiachwe nyuma. Bila hivyo sidhani kura ingepita kwa amani.

Baada ya hapo, mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Kampuni moja ya Marekani, CoinLab, ilikuwa imeishtaki Mt. Gox tangu Mei 2013 ikidai dola milioni 75 kwa kuvunjwa mkataba. Ufufuo ulipoanza, dai lake likapanda hadi takriban dola bilioni 16, na hadi dai kama hilo lijulikane ni la kweli au la, huwezi kusema nani anapata nini. Tarehe ya kuwasilisha mpango ikasogezwa, ikasogezwa tena, na tena. Katika kungoja huko wengi waliuza madai yao. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba Fortress Investment Group ya New York ilikuwa ikiwapa wadai takriban dola 900 kwa kila bitcoin waliyokuwa wakidai. Siwacheki waliouza. Miaka mitano ya kungoja barua kutoka Tokyo ni mingi, na dola 900 ilikuwa karibu mara mbili ya ile 483.

Rasimu ya mpango iliwasilishwa Desemba 2020. Kura zilihesabiwa 20 Oktoba 2021, ukapita kwa wingi mkubwa, na tarehe 16 Novemba 2021 uthibitisho wa mahakama ukawa wa mwisho. Hapo ndipo ile amri ya ufilisi ya 24 Aprili 2014, iliyokuwa imesimama tu, ilipokufa kabisa. Mpango ulimpa kila mdai yeni 200,000 za kwanza za dai lake bila kukatwa, halafu achague: apokee mgao wa mapema kwa mara moja na afunge faili lake, au asubiri kesi ya CoinLab iishe, pengine apate zaidi kidogo. Nadhani mnajua wengi walichagua nini.

Mwishoni mwa 2023 yeni zilianza kuingia kwenye akaunti za PayPal. Bitcoin zenyewe zilianza kulipwa tarehe 5 Julai 2024, miaka kumi na miezi mitano baada ya mlango kufungwa. Siku hiyo bei ilishuka chini ya dola 54,000, watu wakiogopa kwamba waliolipwa watauza zote. Hata kwa bei hiyo ya hofu, bitcoin moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya mara kumi ya kile ambacho mwenye bitcoin 10 angepewa katika ufilisi akaambiwa amelipwa kikamilifu. Hawakupata zote, tuelewane. Sarafu zilizokuwepo zilikuwa kama sehemu moja ya tano au pungufu ya zile zilizodaiwa, na hakuna daftari linaloweza kurudisha zilizoibwa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilifichua mashtaka dhidi ya Warusi wawili ikisema waliiba takriban bitcoin 647,000 za Mt. Gox.

Karpelès mwenyewe alihukumiwa Machi 2019. Aliachiliwa kwa shtaka la ubadhirifu, akapatikana na hatia ya kuchezea data za hesabu. Kifungo cha miaka miwili na nusu, kikaahirishwa kwa miaka minne. Kwa hiyo hakwenda jela zaidi ya miezi aliyokaa rumande.

Kuna swali ambalo bado linanisumbua. Kama mfilisi angekuwa mwepesi, kama angeuza sarafu zote 2014 na 2015 na kuwalipa watu asilimia ndogo ya dai lao, faili lingefungwa na hakuna mtu angezungumza habari ya ufufuo. Uchelewaji ambao wadai waliulalamikia kwa miaka mitatu ndio uliowaokoa. Halafu walipokwisha kushinda, uchelewaji mwingine wa miaka sita ukawafanya wengine wauze madai kwa bei ya kutupa.

Kule kwetu tulipata Sheria ya Ufilisi mpya mwaka 2015, ambayo iliondoa ile ya zamani ya enzi za mkoloni na kuleta usimamizi kama njia ya kujaribu kuokoa kampuni kabla ya kuizika. Wanaoandika programu za kutunza mali za watu waisome, hasa sehemu ya nani anasimama wapi kwenye foleni. Ni ndefu kuliko mwongozo wa Perl, lakini inasomeka.

Na Tokyo? Tarehe ya mwisho ya malipo ilikuwa 31 Oktoba 2023. Ikasogezwa hadi 2024, ikasogezwa hadi 2025, kisha Oktoba 2025 ikasogezwa tena hadi 31 Oktoba 2026. Sababu iliyotolewa ni kwamba bado kuna wadai wengi ambao hawajakamilisha taratibu zinazotakiwa ili walipwe.